Kunyamaza si Kukubali

Katika muhtasari wa kikao kimoja cha kazini imeandikwa kwamba mjumbe wa Kiberege hakuwa na pingamizi. Mjumbe huyo ni mimi, na pingamizi nilikuwa nalo. Nilieleza kwa dakika nne nzima kwa nini mbegu za mpunga hazina budi kufika vijijini kabla mvua hazijakata njia. Wenzangu wa Dar es Salaam waliona uso wangu umeganda, mdomo wazi. Wakasubiri kidogo, kisha wakaendelea na ajenda. Mbegu zilifika njia zikiwa zimekwisha kuzama.

Sina ugomvi na vikao vya video kwa jumla. Zamani kikao cha saa mbili kilinigharimu siku mbili za basi, kwenda na kurudi. Lawama yangu ni jinsi programu hizi zinavyotueleza hitilafu. Mambo yakiharibika, hutokea kijisentensi kisemacho kwamba intaneti yako si imara. Huenda ni kweli, lakini ni sawa na mganga kumwambia mgonjwa kuwa anaumwa. Anaumwa wapi?

Jibu nililitafuta mwenyewe. Mtandao wa simu aghalabu hutuletea mambo kwa kasi kuliko unavyoyapeleka. Ndiyo maana niliwaona na kuwasikia wenzangu vizuri, nikadhani sote tu salama, kumbe sauti yangu haikuwa ikitoka. Sauti peke yake hutosheka na chini ya kilobiti 100 kwa sekunde. Picha safi ya uso huweza kutaka 600 au zaidi, na vyote viwili hupita mlango mmoja mwembamba. Siku hizi, nikiwa na neno zito, nazima kamera, nafunga programu nyingine zote, nasogea mahali penye mawimbi mazuri, kisha namwomba mwenyekiti arudie nilichosema.

Hata hivyo, msomaji, tusiitwike mashine mzigo wote. Programu haikuandika muhtasari ule. Uliandikwa na mtu aliyeona uso ulioganda akauhesabu kuwa umekubali. Mashine haiwezi kutofautisha ukimya na ridhaa. Mwenyekiti anaweza, na dawa yake haina gharama, maana kuuliza si ujinga: "Kiberege, ulikuwa unasema nini?"