Kutupa, Kurusha na Kufinyanga: Uhakiki wa Visawe vya Kitenzi cha Kiingereza 'Throw' kwa Mtazamo wa Lyulilo, Kyela

Kitenzi cha Kiingereza 'throw' ni miongoni mwa vile ambavyo mwanafunzi wa Kitanzania hudhani amekwisha kuvimaliza angali shule ya msingi. Hufundishwa kuwa maana yake ni 'kutupa', naye huendelea na kisawe hicho hadi siku anapokabidhiwa matini ya kufasiri. Uhakiki huu unakusudia kuonesha kwamba kisawe hicho, ijapokuwa si kosa, kimebebeshwa mzigo usio wake, na kwamba lawama kwa kiasi kikubwa ni ya namna kamusi zetu za lugha mbili zinavyopanga visawe. Lyulilo, kijiji kilichopo pwani ya Ziwa Nyasa jirani na Matema, wilayani Kyela, kimeteuliwa kuwa kituo cha hoja kwa sababu shughuli zake kuu mbili, biashara ya vyungu na uvuvi, zote zinagusa kitenzi hiki kwa upande wa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili zinakwenda njia tofauti kabisa. Sentensi za mfano zilizomo humu zimetungwa na mwandishi kwa ajili ya ufafanuzi.

Tuanze na vyungu. Siku ya Jumamosi soko la Lyulilo hupokea vyungu vya Wakisi vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, ng'ambo ya ghuba, chini ya Milima ya Livingstone. Wafinyanzi ni wanawake. Kutoka hapo vyungu hupanda magari kwenda Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Mwingereza anayetengeneza chungu juu ya gurudumu husema kwamba 'anathrow' chungu hicho. Mfasiri aliyekariri kisawe kimoja ataandika kwamba mama huyo 'anatupa vyungu', na msomaji wa Lyulilo ataelewa kwamba vyungu vimepasuka katika moto na sasa vigae vinapelekwa jalalani. Kosa hili linachekesha, ila chanzo chake kina mafunzo. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilimaanisha kusokota au kuzungusha. Maana ya kurusha kitu hewani ilikuja baadaye na kuimeza ile ya awali. Fundi wa vyungu na msokotaji wa nyuzi za hariri ndio waliobaki na maana kongwe, kama wazee wanavyobaki na neno ambalo vijana wamekwisha kulisahau. Hivyo chungu cha Kiingereza hakikurushwa kamwe, kilizungushwa.

Kiswahili kilichagua upande mwingine wa kazi ileile. Katika 'finyanga' inasikika 'finya', yaani kubana kwa vidole na kiganja. Lugha moja ilitazama mzunguko, nyingine ikatazama mkono. Kwa Wakisi uchaguzi wa Kiswahili unafaa zaidi kuliko ule wa Kiingereza, kwa kuwa chungu chao hujengwa kwa mikono bila gurudumu la mfinyanzi. Hapa ndipo kosa linapokuwa zito, nalo safari hii linatokea kwa anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Akifasiri 'vyungu vilivyofinyangwa kwa mkono' kwa kutumia 'throw', anamwambia mnunuzi wa nje kwamba vilitengenezwa kwenye gurudumu. Anafuta kwa neno moja ufundi unaovitofautisha vyungu hivyo na vya kiwandani, na ambao ndio sababu ya mnunuzi kulipa. Mfasiri anayeona kuwa neno hilo linaleta ladha ya kitaalamu anafanya hasara isiyoonekana katika hesabu zake mwenyewe.

Yapasa sasa kueleza 'tupa' hubeba nini. Tofauti yake na 'rusha' imo ndani ya umbo. 'Rusha' ni unyambulishaji wa usababishi wa 'ruka', hivyo kinachozingatiwa ni safari ya kitu hewani: tunarusha kishada, tunarusha ndege, redio inarusha matangazo. 'Tupa' huzingatia mkono unaoachia. Ndiyo maana kitenzi hiki huteleza kwa wepesi kuelekea maana ya kuacha na kutojali. Ndugu aliyekaa mwaka mzima bila kuja kuwasalimia wenziwe huambiwa, "Umetutupa siku hizi," wala hakuna anayefikiria jiwe. Methali nayo inashuhudia: wapo wasemao usiache mbachao kwa msala upitao, na wapo wasemao usitupe mbachao. Kama vitenzi viwili vinaweza kupokezana katika methali moja bila hekima yake kutikisika, basi uhusiano wao ni wa ndani. Kiingereza hakina ukaribu wa namna hii katika 'throw' pekee. Hulazimika kuongeza neno la pili ili kupata maana ya kuacha.

Ushahidi mwingine unatoka kwenye miamala ya simu. Mchuuzi wa Mbeya anaweza kumwahidi mama wa Lyulilo, "Nitakurushia hela jioni," na mama akaridhika. Akisema, "Nitakutupia hela," amemdharau, hata kama kiasi ni kilekile. (Vijana wa mjini wamekwisha kuifanya 'tupia' kuwa ya kuweka picha mtandaoni na hata ya kuvaa vizuri, lakini hilo ni tawi jipya na halibadilishi hoja.)

Pingamizi kubwa dhidi ya maelezo haya linatoka ziwani kwenyewe, na si haki kulipita kimya. Mvuvi hutupa kimia. Hakukiacha wala hakukidharau. Ndicho chakula cha watoto wake. Je, si kweli basi kwamba 'tupa' ni kutupa tu, na dharau inatokana na muktadha? Jibu letu ni kwamba dharau kweli si sehemu ya lazima, lakini kuachia ni ya lazima, na kimia kinathibitisha hivyo. Mkono unaachia wavu ukafunguke hewani na kuangukia maji, huku kamba ikibaki mkononi. Kamba ndiyo inayozuia maana ya kupoteza. Wavu unaoachwa majini usiku kucha hautupwi bali hutegwa, kokoro huburutwa, na mvuvi wa usipa anayetumia taa hamtupii samaki mwanga, humulika. Kwa Kiingereza mwanga hutupwa, kivuli hutupwa, hata karamu hutupwa. Kwa Kiswahili tunaangaza, tunatia kivuli, tunafanya karamu. Nanga tunaitia na kura tunaipiga. Orodha ya namna hii inaweza kurefushwa bila faida. Ilivyo hapa inatosha kuonesha kwamba nomino inayofuata ndiyo inayoamua kitenzi, jambo ambalo Firth aliliweka wazi katika isimu tangu miaka ya 1950.

Kamusi zetu zilifanya nini juu ya hilo? Kuanzia Madan mwaka 1894, kupitia Johnson mwaka 1939, hadi kamusi ya TUKI ya mwaka 1996, desturi ya kupanga visawe na kuvitenga kwa alama ya mkato imekuwa na nguvu. Imezoeleka kulalamika kwamba leksikografia ya Kiswahili iliegemea Unguja na kuyasahau maziwa. Lalamiko hilo lina ukweli, ila kwa kitenzi hiki halitusaidii sana, maana kimia ni neno la pwani ya bahari pia. Kasoro halisi ni alama ya mkato. Humwambia mtumiaji kwamba maneno yaliyopangwa ni sawa, achague alipendalo. Mzawa hahitaji onyo. Anayetunga katika lugha asiyoimudu ndiye anayelihitaji, na ndiye aliyenunua kamusi.

Mahali ambapo gharama ya alama hiyo inaonekana zaidi ni mahakamani. Kwa miongo mingi shahidi alitoa ushahidi kwa Kiswahili na kumbukumbu ikaandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa katika mahakama za mwanzo; marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 ndiyo yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Shahidi akisema "alimrushia jiwe", hajasema kwamba jiwe lilimpata mtu. Akisema "alimpiga jiwe", amesema lilimpata. Kauli zote mbili zikiandikwa kwa 'throw', jeraha limeondoka kwenye kumbukumbu. Na zikirudishwa katika Kiswahili kwa 'alimtupia jiwe', hata nia ya mrushaji imelegea. Kifungo cha mtu kinaweza kuning'inia hapo.

Vivyo hivyo katika maamuzi. Vyombo vya habari huandika kwamba mahakama 'imetupilia mbali' rufaa, ama rufaa ilisikilizwa ikakosa msingi, ama iliondolewa kwa kasoro ya kiutaratibu. Sheria yetu hutofautisha hayo mawili tangu shauri la ushirika wa Ngoni-Matengo dhidi ya Alimahomed Osman, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1959. Ushirika huo ulikuwa wa Ruvuma, mkoa unaopakana na ziwa hilihili. Rufaa iliyoondolewa kwa kasoro inaweza kurudi baada ya kasoro kurekebishwa, muda wa kisheria ukizingatiwa. Iliyotupwa imekwisha. Mkulima au mvuvi anayesoma gazeti kwamba rufaa yake 'imetupiliwa mbali' anaweza kufunga jalada na kurudi nyumbani, ilhali mlango ulikuwa wazi. Neno 'kuondoshwa' lipo, na wanasheria wanalitumia. Anayetakiwa kulipokea ni mwandishi wa habari, pamoja na mtunga kamusi atakayeliweka katika kidahizo chake likiwa na mfano wake, si kulifuatisha 'tupa' baada ya mkato.