Kete Hazitoki Ubaoni

Tarehe 10 Aprili 2021, beki mmoja wa hoki ya barafuni aitwaye David Savard alihamishwa mara mbili kwa siku moja. Alikuwa wa Columbus Blue Jackets. Karatasi zikampitisha Detroit Red Wings, ambako hakuvaa jezi wala kukanyaga barafu, kisha zikamfikisha Tampa Bay Lightning, kule Florida. Katika hesabu za ligi mshahara wake ulikuwa dola milioni 4.25 kwa mwaka. Columbus ilikubali kubaki na nusu ya mzigo huo. Detroit ilikubali kubaki na nusu ya kile kilichosalia. Tampa, ambayo vitabu vyake havikuwa na upenyo hata wa kupitisha sindano, ikampokea beki wa milioni 4.25 kwa milioni 1.06.

Anayejua bao atalielewa jambo hili haraka kuliko mhasibu. Kete 64 zinazoingia mchezoni ndizo zinazobaki mpaka mwisho. Hakuna inayotupwa nje, zinahama tu kutoka shimo hili kwenda lile. Mshahara wa Savard haukupungua hata senti. Uligawanywa ukalazwa katika mashimo matatu, na mwenye shimo tupu alilipwa kwa kulikodisha. Columbus ilipata zamu ya Tampa ya kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza na nyingine ya raundi ya tatu. Detroit, kwa kazi ya kushika tu, ilipata ya raundi ya nne.

Wapo Wakenya wachache walioonja mchezo huu kwenye barafu ya Hoteli ya Panari, Nairobi, lakini wengi wetu tunaujua kwa picha za televisheni: watu waliovaa kofia ngumu wakigongana ukutani. Kilichonivuta mimi si kugongana huko. Ni ofisi iliyo nyuma yake.

Katika usajili tuliouzoea, wa Simba na Yanga au wa Ulaya, mwenye pesa ndiye mwenye mchezaji. Katika NHL, ligi ya klabu 32 za Marekani na Kanada, pesa peke yake hainunui kitu. Msimu wa 2004–05 ulipotea wote, bila mechi hata moja, kwa sababu wenye klabu waliwafungia wachezaji milango wakidai mishahara iwekewe ukomo. Mchezo uliporudi, kila klabu ilipewa kikomo cha dola milioni 39 kwa kikosi kizima. Tajiri na hohehahe, kipimo kimoja. Kikomo kimekuwa kikipanda kadiri mapato ya ligi yanavyopanda, lakini kanuni ni ileile: ukitaka mchezaji mpya, kwanza onyesha utakapomweka. Ndiyo maana biashara yao ni ya kubadilishana. Mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa zamu ya kuchagua vijana wanaoingia ligi.

Mwenye kazi hiyo ni meneja mkuu, na wa Tampa ni Julien BriseBois, mwanasheria kwa kusomea. Alikabidhiwa ofisi Septemba 2018 na Steve Yzerman, ambaye mwaka uliofuata alikwenda kuiongoza Detroit. Kwa hiyo aliyeshika robo ya mshahara wa Savard siku ile alikuwa mtangulizi wake mwenyewe. Sidhani kama hiyo ni bahati tu. Katika kazi hii kujua ni nani atakayepokea simu yako ni sehemu ya ufundi.

BriseBois alirithi timu ya nyota. Msimu wake wa kwanza ilishinda mechi 62 na kukusanya pointi 128, kisha katika raundi ya kwanza ya mtoano ikafungwa nne mfululizo na Columbus. Watu walidai ibomolewe. Yeye alitazama kikosi akaona kwamba nyota hawakuwa tatizo. Kilichokosekana ni watu wa safu ya tatu, wagumu, wanaokaba na kufunga mara mojamoja. Shida ni kwamba nyota watano, yaani Kucherov, Vasilevskiy, Stamkos, Hedman na Point, walikuwa wanaelekea kula zaidi ya milioni 42, na kikomo kilikuwa milioni 81.5. Waliobaki wote walipaswa kugawana kisichofika nusu.

Februari 2020 akafanya lililowashangaza wengi. Alimchukua Blake Coleman kutoka New Jersey kwa kijana mwenye matumaini pamoja na zamu ya raundi ya kwanza. Siku nane baadaye akamchukua Barclay Goodrow kutoka San Jose, naye kwa zamu ya raundi ya kwanza. Bei ya nyota kwa wachezaji wa safu ya tatu! Lakini tazama mikataba yao. Coleman alihesabiwa milioni 1.8, Goodrow dola 925,000, na kila mmoja alikuwa na msimu mwingine kamili mbele yake kwa bei hiyohiyo. BriseBois hakununua watu wawili tu, alinunua mwaka. Nimejizoeza tangu hapo kusoma habari za kubadilishana kwa kuanzia mwisho: kwanza tarehe ya mkataba kuisha, kisha mshahara, na jina la mchezaji baadaye kabisa.

Hata ile zamu iliyomleta Coleman haikuwa ya Tampa kwa asili. Ilitoka Vancouver mwaka uliotangulia, BriseBois alipomwachia J. T. Miller, mshambuliaji mzuri, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kumlipa. Miller alikwenda kuwa nyota huko. Tampa haikuonekana kujutia.

Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi hiyo, lilitua Tampa Septemba 2020, katika mashindano yaliyofungiwa Toronto na Edmonton kwa sababu ya korona. Na korona ndiyo iliyokaza kamba. Kabla ya janga ligi ilitarajia kikomo kipande hadi kati ya milioni 84 na 88.2; mapato yalipokauka, kiligota kwenye 81.5 kwa misimu mitatu jumla. Kila meneja aliyekuwa ameahidi mshahara akitegemea kesho kupanuka alijikuta na kesho iliyo sawa na jana.

Kisha ikaja Desemba ya mwaka huo. Tarehe 23 ilitangazwa kwamba Nikita Kucherov, mwenye mshahara wa milioni 9.5, angefanyiwa upasuaji wa nyonga na kukosa msimu wote wa kawaida. Kanuni za ligi wakati huo zilisema mshahara wa majeruhi wa muda mrefu unaendelea kuhesabiwa, ila klabu iliruhusiwa kuvuka kikomo kwa kiasi hicho ili ipate wa kuziba pengo. Kesho yake vijana wawili waliokuwa wakisubiri, Anthony Cirelli na Erik Cernak, walisaini kwa milioni 4.8 na milioni 2.95. Bado hesabu haikutosha.

Mtu wa kawaida hapo angetafuta wa kumfukuza. BriseBois alitafuta majeruhi zaidi. Tarehe 27 aliwapa Ottawa wachezaji wawili wazima, Cédric Paquette na Braydon Coburn, ambao kwa pamoja walihesabiwa milioni 3.35, na zamu ya raundi ya pili juu. Akapokea Marián Gáborík, ambaye hakuwa amecheza tangu 2018, na kipa Anders Nilsson, naye majeruhi. Mikataba yao wawili ilifika karibu milioni 7.5. Ukiangalia harakaharaka utasema amechanganyikiwa: ametoa wazima, amepokea wagonjwa, na gharama imeongezeka zaidi ya mara mbili. Lakini mishahara ya majeruhi ilijifuta yenyewe kwa ile ruhusa ya kuvuka kikomo. Kilichoondoka kweli ubaoni ni milioni 3.35 za wazima, na hizo ndizo alizokuwa akizihitaji.

Wakati huo kikomo hakikuhusu mechi za mtoano. Kucherov alirudi barafuni Mei 16, 2021, mechi ya kwanza ya mtoano, akaongoza wote kwa pointi 32. Kwenye sherehe za ubingwa alivaa fulana iliyotangaza kwamba timu yao ilikuwa juu ya kikomo kwa milioni 18. Ligi ilikagua na haikuona kosa. Wapo mpaka leo wanaoliita jambo lile wizi. Mimi naona wanaopaswa kulaumiwa ni walioandika kanuni ikiwa na mlango nyuma, wakashangaa mtu alipoingia.

Na tazama kombe lile la pili lilipatikanaje. Nusu fainali, mechi ya saba dhidi ya New York Islanders, bao pekee lilifungwa na Yanni Gourde, mwenza wa Coleman na Goodrow katika safu ya tatu. Mechi ya pili ya fainali dhidi ya Montreal, Goodrow alimpa Coleman pasi, naye akafunga akiwa anaanguka, zikiwa zimebaki sekunde moja na ushei kipindi cha pili kiishe. Mechi ya mwisho, Julai 7, iliisha 1–0. Mfungaji alikuwa Ross Colton, kijana wa msimu wake wa kwanza. Aliyempa pasi ni Savard, yule wa milioni 1.06.

Wiki tatu baadaye safu ile haikuwapo. Seattle, klabu mpya iliyoruhusiwa kuchukua mchezaji mmoja mmoja kutoka kwa wenzake, ilimbeba Gourde. Goodrow alikwenda New York Rangers kwa mkataba wa miaka 6, Coleman akaenda Calgary kwa miaka 6 pia, kwa milioni 4.9 kila mwaka. Savard akaenda Montreal. Mwaka ulionunuliwa ulikuwa umekwisha, na BriseBois hakuwang'ang'ania. Hili ndilo gumu kuliko yote. Shabiki anapenda mtu. Meneja anayempenda mtu kwa namna ya shabiki huishia kumlipa mwaka wa nne kwa kazi aliyoifanya mwaka wa kwanza.

Chicago ililijua hilo mapema na kwa maumivu. Ilitwaa kombe Juni 2010 ikiwa imejaa kupita kiasi, na kabla majira ya joto hayajaisha ilikuwa imewatoa Byfuglien, Ladd na Versteeg. San Jose, wajanja, wakampelekea beki Niklas Hjalmarsson ofa ya milioni 14 kwa miaka 4. Chicago ikailipa ili asiondoke, na kwa hiyo haikubaki na cha kumpa kipa wake bingwa, Antti Niemi, aliyepangiwa milioni 2.75 na msuluhishi. Ikamwacha. Akasajiliwa na San Jose haohao, kwa milioni 2. Sijui kama uchokozi ule ulipangwa mpaka mwisho wake, lakini bingwa wa bao angeutambua mchezo.

Si kila hesabu ya BriseBois ilitoka sawa. Februari 2023 alitaka kurudia dawa ya Coleman na Goodrow kwa Tanner Jeannot wa Nashville, mshambuliaji mgumu wa dola 800,000 tu. Alitoa beki kijana na zamu tano, moja ikiwa ya raundi ya kwanza. Jeannot hakufua dafu, na Juni 2024 aliuzwa Los Angeles kwa zamu mbili. Mshahara mdogo haumfanyi mtu kuwa mchezaji. Afadhali Brandon Hagel, aliyetoka Chicago Machi 2022 kwa vijana wawili na zamu mbili za raundi ya kwanza, akiwa na mkataba wa milioni 1.5 uliobakiza misimu miwili zaidi. Huyo amekuwa mmoja wa nguzo.

Kuna jambo dogo ninalolipenda, ambalo haliandikwi sana kwenye vichwa vya habari. Kikomo huhesabiwa kwa siku. Klabu inayoanza msimu ikiwa na milioni moja ya ziada, ikakaa kimya bila kuitumia, itafika robo ya mwisho ya msimu ikiweza kumbeba mchezaji wa milioni nne, kwa kuwa italipa siku zilizobaki tu. Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana meneja mzuri Novemba huonekana kama mtu asiyefanya kazi.

Tangu msimu wa 2025–26 ligi imefunga milango yote miwili. Katika mtoano, kikosi kinachoshuka barafuni lazima nacho kitoshee chini ya kikomo. Na mshahara uliogawanywa mara moja haugawanywi tena mpaka zipite siku 75 za msimu, kwa hiyo safari ya Savard ya siku moja haiwezekani tena.

Lakini kabla milango haijafungwa, Machi 2025, BriseBois alipita mara ya mwisho. Seattle ilibaki na nusu ya mshahara wa mchezaji mmoja wa milioni 5.17. Detroit ya Yzerman ikachukua robo, kwa malipo yaleyale ya zamu ya raundi ya nne. Tampa ikapokea mtu wa milioni 1.29. Alikuwa Yanni Gourde. Miezi miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 33, alisaini miaka 6 kwa jumla ya dola milioni 14, yaani milioni 2.33 kwa mwaka.