Kukubali Sana na Kukubali Tu

Kuna aina ya maandishi ambayo mkazi wa Soweto East, Kibera, hukutana nayo mlangoni bila kuyatafuta. Ni fomu ya utafiti. Huletwa na kijana mwenye beji shingoni na tabuleti mkononi, husomwa kwa sauti, na majibu yake yamepangwa kama ngazi: nakubali sana, nakubali, sina maoni, nakataa, nakataa sana. Hatujazoea kuhakiki maandishi kama haya. Tunahakiki riwaya, mashairi, labda albamu mpya. Lakini fomu nayo ina mwandishi, ina msimulizi, ina msomaji, na lugha yake ndiyo inayoamua mtaa mzima utaandikwaje kwenye ripoti. Basi tuisome vizuri, na tuanze na vielezi vyake.

Ngazi hiyo ina mwenyewe. Mmarekani Rensis Likert aliichapisha mwaka 1932, akipima mitazamo ya wanafunzi wa chuo. Majibu yake ya kwanza hayakuwa hata ya "agree". Yalikuwa "strongly approve", "approve" na kuendelea, yaani kuunga mkono au kutounga. "Strongly agree" ilizoeleka baadaye, ikasambaa duniani pamoja na utafiti wenyewe. Kwa Kiingereza inakaa sawa, kwa sababu "strongly" huenda na "agree" na pia na "disagree". Ngazi inapanda na kushuka kwa kipimo kimoja.

Ila hata Kiingereza hakiachi kila kielezi kioane na kila kitenzi. Mtu anaweza "fully agree", "totally agree" au "wholeheartedly agree". Akikubali upesi bila kusita, ni "readily agree". Akikubali huku moyo ukikataa, ni "reluctantly agree". Lakini "flatly" ni ya kukataa: husemwa "flatly refuse", na hakuna anayesema "flatly agree". Na ukiandika "I very agree" kwenye insha, mwalimu atachora duara jekundu, maana "very" peke yake haishikani na kitenzi. Lazima iwe "very much". Sheria hizi hazina mantiki kubwa. Ni mazoea ya watu waliozungumza lugha moja kwa muda mrefu.

Kiswahili nacho kina ndoa zake. Tunakataa katakata, tunapinga vikali. Tunakubali kwa moyo mmoja, kwa moyo mkunjufu, au kwa shingo upande. Jambo zuri tunalipokea kwa mikono miwili. Jaribu kubadilisha uone: "nimekubali katakata" inachekesha, na "nimekubali vikali" inasikika kama mtu anayekubali huku amekunja ngumi. Mbaya zaidi ni ile tafsiri ya kamusi, "nakubali kwa nguvu". Mwandishi wa fomu alitaka kusema kwamba mhojiwa ana uhakika. Anayesikia pale mlangoni anapata picha ya mtu aliyeshikwa shati mpaka akasema ndiyo. Neno moja limegeuza uhakika kuwa kulazimishwa.

Watasema, si tutumie "sana" au "kabisa" tuendelee na maisha? Sawa, kielezi kitapona, lakini kitenzi bado kina shida. "Kubali" yetu hubeba mizigo miwili ambayo Kiingereza kimeigawa: kuona kwamba jambo ni kweli, na kuliridhia. Chukua sentensi kama hii: "Maji katika mtaa huu ni ghali." Mama anayenunua maji kwa mtungi, na ambaye bei imemchosha, anaulizwa kama anakubali. Anaweza kusema "nakataa kabisa!", akimaanisha kwamba bei hiyo haiwezi kuvumilika. Kijana wa tabuleti anabonyeza "strongly disagree". Kwenye jedwali, mama huyo sasa ni mkazi anayeona maji ni nafuu. Hakudanganya. Sentensi iliyotafsiriwa vibaya ndiyo iliyomsemea.

Watafsiri makini huliona hilo, ndipo wanaandika "nakubaliana na". Ni afadhali. Lakini kile kiambishi "-ana" nacho kina tabia zake. Kupigana kunataka watu wawili, kupendana vilevile, na kukubaliana hivyo hivyo. Fomu inasema "nakubaliana na kauli hii", ila kauli haina uso. Mwenye uso ni yule kijana aliyesimama juani, aliyepiga hodi kwa heshima na kumwita mwenye nyumba mama au mzee. Kumpinga mgeni wa namna hiyo kunahitaji ukavu wa macho. Wataalamu wa vipimo wameandika tangu miaka ya 1940 kuhusu watu wanaoelekea kusema ndiyo kwa swali lolote lile. Kwetu, sarufi na adabu humsukuma mhojiwa upande huo huo.

Na bado hatujagusa vielezi ambavyo mtaa unavitumia kila siku. Sikiliza watu wakipatana bei, au wakisuluhisha ugomvi wa kamba ya nguo kwenye ploti. "Sawa" ni jibu moja. "Sawa sawa" ni jingine. "Sawa tu" ni la tatu, na hapo ujue kuna kitu hakijasemwa. "Sawa basi" inafunga mazungumzo bila kufunga jambo. "Niko ndani" ni ya mtu aliye tayari kuchangia hata leo. "Kubali yaishe" ni ya aliyechoka kubishana. Hiyo ni ngazi kamili ya kukubali, yenye vidato vingi kuliko vitano vya Likert. Fomu haina kisanduku cha "tu". Ikisikia "sawa tu", inaandika "nakubali".

Hapo ndipo vielezi vinapoacha kuwa mambo ya darasani. Soweto East ilichaguliwa kuwa eneo la majaribio la mpango wa kuboresha makazi ambao serikali ya Kenya na UN-Habitat walitia saini mwaka 2003. Septemba 2009 familia za kwanza zilihamishiwa kwenye ghorofa za muda Lang'ata ili nyumba mpya zijengwe walikotoka. Wako waliopanda lori wakiimba. Wako walioenda kwa sababu jirani ameenda. Wako waliokimbilia Mahakama Kuu kupinga. Nyumba 822 zilikabidhiwa mwaka 2016, na swali kama wakazi walikubali bado linajibiwa tofauti kutegemea umemuuliza nani: mpangaji, mwenye vibanda, au aliyepata ufunguo. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeuweka ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Lakini ushiriki huishia kuwa kitenzi kwenye ripoti, na kitenzi bila kielezi chake huficha mengi. "Wakazi walikubali" ni kweli. "Wakazi walikubali kwa shingo upande" ingekuwa kweli pia, na ingemlazimu msomaji aulize swali la pili.

Ukurasa wa kwanza wa fomu una kielezi ninachokiheshimu: "kwa hiari yangu". Kiingereza husema "voluntarily agree". Kielezi hicho kina kazi ya shahidi. Kinaapa kwamba hakuna aliyeshikwa shati. Ajabu ni kwamba baada ya kujali hivyo jinsi mtu alivyokubali kuhojiwa, kurasa zinazofuata hazijali tena anavyokubali chochote.

Dawa ipo, na haihitaji bajeti. Kauli inapohusu ukweli wa jambo, iulizwe kwa lugha ya ukweli: ni kweli kabisa, kuna ukweli kiasi, sijui, si kweli, si kweli hata kidogo. Hapo mama wa maji hatapotoshwa. Na inapohusu mradi wenyewe, kijana wa tabuleti aongeze swali ambalo kila mtu mtaani analielewa bila tafsiri: umeridhika, au umekubali tu? Kisha asubiri. Aandike jibu lote jinsi lilivyosemwa, pamoja na "tu" yake, "basi" yake, na kile kimya kinachotangulia. Hayo ndiyo maandishi ambayo mimi ningependa kuyasoma kuhusu Soweto East.