Kundi la Maziwa Linapotafuta Mwenyewe

Mtu wa kisiwa cha Chovae akiletewa mashua ya kuuzwa hababaiki. Huipigapiga ubavu, huinama kutazama mkuku, hunusa maji ya ngama, na kabla ya adhuhuri keshajua bei. Mweke mbele ya kundi la ngamia wa maziwa ambalo ukoo mmoja umelilea tangu enzi za mababu na sasa linatafutiwa mwenyewe mpya, naye huishiwa na la kusema. Kwetu sisi wa visiwa vya kusini mwa Somalia, kuanzia Koyama hadi Chula, maziwa ni kitu cha kununua. Pengine ndiyo sababu ufundi wa wafugaji wa bara unanistaajabisha kuliko unavyowastaajabisha wao.

Shamba lao halina ua. Kandokando ya mto Juba kuna mbung'o, basi ngamia hukaa mbali, kwenye malisho makavu, na mali yote ya ukoo hutembea kwa miguu. Mtoto wa kiume akizaliwa huwekewa ngamia jike. Atakapofikia kuoa, huenda jike yule ana mabinti na wajukuu. Mzee hana daftari la uzao. Mnyama humtambulisha kwa mama yake, na mama wa mama yake, akaenda hivyo hadi kwa jike aliyeletwa na babu ambaye yeye mwenyewe hakumkuta.

Kukama ni kazi ya muda mfupi mno. Kiwele cha ngamia hakiweki maziwa mengi tayari. Sehemu kubwa hubaki ndani ya tezi mpaka mama akubali kuyashusha. Wa kumkubalisha ni ndama. Huachiwa anyonye kidogo, chuchu zijae, kisha huvutwa kando, lakini si mbali, maana mama lazima aendelee kumwona na kumnusa. Tangu hapo mkamaji ana dakika moja, labda mbili. Hachuchumai kama anayekama ng'ombe. Husimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili kauegemeza juu ya goti, na paja hilo lililoinuka ndilo linalobeba chombo. Mara nyingi huwa wawili, mmoja kila ubavu, mikono yote inafanya kazi na hakuna anayepandisha sauti. Kuna chuchu nne. Mbili aghalabu huachiwa ndama. Hiyo ni hesabu ya mbali: mimba ya ngamia huchukua kama miezi 13, na jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano hivi au zaidi, kwa hiyo atakayemnyima ndama leo ataijua njaa yake baadaye sana. Ndama akifa, ngozi yake huhifadhiwa na mama huletewa ainuse, maziwa yashuke. Mkono mgeni ukimgusa, mama huyazuia.

Kisha kuna chombo, na hapa wenye kazi ni wanawake. Hufumwa kwa nyuzi za miti, zikakazwa mpaka kisivuje, halafu hufukizwa: kijinga cha moto cha mti uliochaguliwa hutiwa ndani, chombo hutikiswa na kufunikwa, moshi ukaingia kwenye kila uwazi. Moshi huo huua vijidudu vingi, jambo la maana katika nchi ya joto ambako maji ya kuoshea ni ya kuhesabu. Hukolea pia katika maziwa, na yakilala humo huwa susa, chachu nyepesi isiyogandamana kama mtindi wa ng'ombe. Asiyezoea hudhani imeungua. Mimi ilinichukua muda kuipenda, na sasa maziwa yasiyo na moshi nayaona hayana chumvi.

Tukirudi kwenye kuuza, dume huuzika kwa siku moja. Serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, biashara ya ng'ombe kutoka upande wa Juba kwenda Garissa ilikua badala ya kufa, dalali akisimama dhamana kwamba mnyama si wa wizi. Lakini hakuna dalali awezaye kudhamini kwamba jike atamshushia mnunuzi maziwa. Na wauzaji wa kundi zima wapo: vijana wako Eastleigh au Minneapolis, mzee magoti hayamshiki tena.

Mfano wa kinyume chake, watu kupewa kazi mpya badala ya kundi kupewa mwenyewe mpya, uliwahi kutokea hapa hapa pwani. Baada ya Dabadheer, ukame wa 1974 na 1975, serikali ya Siad Barre iliwaleta maelfu ya wafugaji baharini, Barawa ikiwa mojawapo, wakapewa mashua na nyavu. Wanaume wengi waliziacha wakarudi kwenye mifugo mara mvua ziliponyesha. Mvuvi yeyote angewatabiria hilo siku ya kwanza.

Warendille wa kaskazini mwa Kenya wana njia ambayo naiona ya busara kuliko mauzo. Jike huazimwa, kwa desturi waiitayo maal: aliyeazima humlea na kunywa maziwa, mwenyewe hubaki na haki juu ya uzao wa kike, na watoto wa pande zote mbili huweza kuurithi uhusiano huo. Kundi hupata nyumba mpya huku wa zamani wakiwa bado wanaulizwa habari zake.

Ikiwa ni lazima kuuza, ningekuwa mnunuzi ningemwomba muuzaji mchungaji wake tangu masika hadi vuli, vyombo vile vile vilivyokwisha kushiba moshi, na mtu wa kuimba kisimani, kwa kuwa Wasomali huwaimbia ngamia wakiwanywesha na wanyama huzizoea sauti hizo. Muuzaji akipunguza bei ili mchungaji abaki kwake, ningerudi visiwani. Akiipandisha kwa sababu mchungaji anakuja nami, ningelipa.