Kinga ya Kabwita iko na kilo ngapi? Juu ya filamu «Makala»

Mu Swahili ya Dar es Salaam, makala ni andiko, sawa hili unalosoma. Kwetu makala njo ile inayowaka mu mbabula. Emmanuel Gras, Mufaransa, alichukua neno letu bila kulitafsiri, akaliweka kuwa jina la filamu yake, na mwaka 2017 «Makala» ikapata tuzo kubwa ya Semaine de la Critique ku Cannes. Ni dakika 96, na sehemu kubwa ni mutu mumoja anayesukuma kinga. Wengi wetu tulisikia jina lake bila kuiona. Nataka kuiongelea kupitia swali moja dogo lenye kuzunguka kati ya vijana wa Bel-Air kila mara mutu anapoleta VTT ya okazio: iko na kilo ngapi? Na je, hizo kilo zinamufanya nini mwenye kuipanda?

Wenye kujua VTT wanajibu haraka. Ile ya mashindano ya kupanda na kushuka iko karibu kilo 10. Ile ya kushuka tu, yenye resori kubwa mbele na nyuma, inafika 15 au 16. Ku mashindano ya barabara, shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, liliweka mpaka wa chini: kinga isipungue kilo 6,8. Maana yake mafundi walikimbizana kupunguza uzito mpaka ikabidi wasimamishwe na sheria. Mutu wa Ulaya anaweza kulipa mamia ya dola juu ya kilo moja tu iliyotoka ku magurudumu.

Kisha unafungua filamu ya Gras, na Kabwita Kasongo anatokea na shoka.

Kabwita iko kijana wa kijiji upande wa Kolwezi, mu Lualaba. Ana muke, Lydie, ana batoto, anataka kujenga nyumba. Anakata muti, anaupanga, anaufunika na udongo, anauchoma. Anajaza mifuko, anaifunga ku kinga, anaisukuma kilomita 50 hivi mpaka Kolwezi kwenda kuuza. Hadithi njo hiyo. Hakuna sauti ya kutuelezea, hakuna mutaalamu anayekaa mbele ya maktaba na kusema juu ya umasikini. Kabwita si mwigizaji, iko yeye mwenyewe na jina lake mwenyewe. Gras alishika kamera kwa mikono yake, na muda mrefu anamufuata kwa karibu, mpaka unaanza kuhesabu hatua pamoja naye.

Batu wengi wakiongelea hii filamu wanakumbuka barabara, vumbi, magari makubwa yanayopita usiku. Mimi, labda juu ya masomo yangu, sehemu inayonishika zaidi ni ile ya kwanza, ya muti. Kabwita anaupiga shoka muda murefu sana, na Gras hakati. Muti hauanguke haraka. Ku cinema ya kawaida ungeona mapigo matatu, kisha kelele, kisha muti uko chini. Hapa unangoja, mpaka unaanza kuwaza uzito wa kitu chenyewe.

Tupige hesabu basi. Tanuru ya udongo, ile ya kawaida ya mu pori zetu, inatoa karibu kilo 10 mpaka 20 za makala kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Fundi anayejua kupanga kuni vizuri na kulinda tanuru isipasuke anaweza kupita hapo kidogo, lakini si sana. Tuseme kinga imebeba kilo 150 za makala. Basi nyuma yake kulikuwa kuni za kilo 750 mpaka kilo 1500. Karibu tani moja na nusu! Hakuna kinga inayoweza kubeba ile, hata ya chuma cha namna gani. Zile nyingine zilitoka kama maji na moshi mu siku ambazo tanuru ilikuwa inawaka.

Hapa njo naona filamu imesema kitu kuliko yenyewe ilivyofikiri. Swali letu la VTT, namna gani kupunguza kilo, Kabwita alishalijibu mbele ya kufika ku barabara. Yeye hakupunguza uzito wa kinga, alipunguza uzito wa pori. Makala ni muti uliofanywa mwepesi juu ya kusafiri. Mafundi wa kaboni wa Ulaya wanafurahi wakitoa gramu 300. Tanuru ya udongo inatoa kilo 80 juu ya 100. Ila malipo yake ni makubwa, na si Kabwita peke yake anayelipa. Wale wa UNILU wenye kufanya kazi juu ya pori la miombo kuzunguka Lubumbashi wameandika vya kutosha namna linavyosogea mbali na muji mwaka kwa mwaka. Pori likisogea, barabara ya kinga inakuwa ndefu. Mutu aliyekuwa anasukuma kilomita 20, kesho anasukuma 40, na mufuko ni ule ule.

Turudi ku kinga yenyewe. Velo nyeusi ya chuma ya gurudumu kubwa, ile ya Kichina au ya Kihindi tunayoijua wote, iko karibu kilo 20, na ukiongeza chuma cha fundi ku porte-bagage na ku fuko la mbele, inapita. Weka makala kilo 150 na mutu wa kilo 60. Jumla ni 230. Ukipunguza kilo moja ku kinga, umepunguza sehemu moja mu 230. Yule wa VTT, yeye kilo 70 na kinga kilo 14, jumla 84: kilo yake moja ni sehemu moja mu 84. Ile kilo moja iko na maana kwake karibu mara tatu kuliko kwa Kabwita. Na hata kwake, ukweli usemwe, ni kidogo. Ku mupando wa mita 5 kwa kila mita 100, kilo moja inakudai nguvu sawa ya kuinua gramu 50. Hata chungwa moja dogo linapita hapo. Wenye kushindana wanaweza kulihesabu. Wewe unayetoka Bel-Air kwenda campus, kunywa maji kidogo mbele ya kutoka, umeshashinda kaboni.

Kitu filamu inachoonyesha, na hakuna karatasi ya kiwanda inayokiandika, ni kwamba uzito haukai ku namba. Unakaa ku mahali. Mifuko ya Kabwita imepanda juu kuliko kichwa chake. Kinga ikiinama kidogo, kilo zote zinaanguka upande mumoja na mikono yake inatetemeka kuzirudisha. Ku mupando anasukuma na mwili muzima. Ku muteremko, pale sisi tungepumzika, yeye anavutwa, na breki yake ni miguu. Mu mchanga gurudumu linazama, na ile hesabu yangu nzuri ya mita 5 kwa 100 inakuwa ya batoto. Mvua ikinyesha makala inakunywa maji, muzigo unaongezeka bila mutu kuongeza kitu. Kuna wakati gari linapita na kinga yake inaanguka. Muzigo uko chini, mu vumbi, na unaelewa mara moja kwamba kuusimamisha ni kazi ingine kabisa kuliko kuusukuma.

Sasa malaumu. Ya kwanza ni ile ambayo mutu yeyote wa kwetu angeuliza: yule mwenye kamera, mbona hakusukuma? Mu desturi yetu, ukimukuta mutu ku mupando na kinga ya makala, unaweka mukono nyuma, hata hatua kumi. Gras anatembea nyuma ya Kabwita, anapumua vumbi lile lile, na mikono yake inashika kamera. Naelewa jibu la wenye cinema: akisukuma, filamu inakuwa ya uongo, juu siku zingine Kabwita anasukuma peke yake. Ni jibu la kweli. Lakini halinitulize muzima, na nafikiri filamu ingekuwa na nguvu zaidi kama ingeacha hilo swali lionekane, badala ya kufanya kama vile pale barabarani kuko Kabwita tu na mbingu. Muziki pia. Selo ya Gaspar Claus ni nzuri, hakuna shaka, ila kuko mahali inakuja kutuambia tuhuzunike wakati kelele ya gurudumu ilikuwa imeshatuambia.

Kuko mutu mwingine aliyeangalia kinga za muzigo za huku na akafanya kitu tofauti. Tom Ritchey, Mumarekani, iko kati ya wale waliouza VTT za kwanza kule California mwaka 1979, pamoja na Gary Fisher na Charlie Kelly. Maisha yake yote ilikuwa kutengeneza kinga nyepesi. Mwaka 2005 akafika Rwanda, akaona walimaji wa kahawa na muzigo wao, akaona na zile kinga za mbao. Alichotengeneza baadaye juu ya wale walimaji hakikuwa chepesi. Kilikuwa kinga ndefu nyuma, ya chuma, yenye mahali pa kulaza mifuko chini, karibu na gurudumu. Kahawa ikishavunwa haingoje: tunda likikaa masaa mengi linaanza kuchacha, na bei inaanguka ku kituo cha kuosha. Kwa hiyo uzito wa kinga haukuwa swali. Swali lilikuwa muzigo ukae wapi, na ufike saa ngapi. Wenzetu wa Goma walishalijibu na chukudu ya mbao, ambayo yenyewe ni nzito, na iko karibu na udongo. Walishaisimamishia hata sanamu ya rangi ya zahabu mu rond-point.

Lawama yangu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Kabwita anafika Kolwezi, kisha kulipa njiani ili wamuache apite, na anaanza kuuza. Bamama wanaangalia, wanapunguza bei, yeye anapandisha, wanacheka, wanaondoka, wanarudi. Ni sehemu nzuri sana, bei inazungumzwa sawa vile inazungumzwaka ku soko yetu yoyote. Lakini angalia vizuri: anauza kwa mufuko. Kilomita 50 amesukuma kilo, na ku soko hakuna mutu anayemuuliza kilo. Mufuko ni ukubwa, si uzito. Makala ya muti mugumu, ile inayowaka muda murefu na inayovunja mugongo njiani, na makala nyepesi ya muti laini, zinaingia mu mufuko ule ule. Mama mwenye jicho anaweza kutofautisha kwa kugonga na kusikiliza mulio. Wengi wanaangalia tu kama mufuko umejaa mpaka juu. Basi mwenye kusukuma ana faida gani kubeba makala nzito? Hana. Soko linamufundisha abebe nyepesi na ajaze juu zaidi, na kinga inainama zaidi.

Gras alikuwa na hii mukononi na akaipita. Camera yake ilipima uzito vizuri sana mu barabara, kisha ku soko ikaangalia sura za batu. Sisemi mizani ingemaliza matatizo. Kwetu mutu akiuza kwa kilo, kesho mwingine anamwangia makala maji usiku. Lakini filamu yenye kuchunguza thamani ya jasho ingetuonyesha kwamba jasho linapimwa na kipimo kimoja, na falanga na kipimo kingine.

Na mununuzi hatumuone akifika nyumbani. Pale njo tuko sisi. Umeme wa SNEL ukikatika Bel-Air saa ya kupika bukari, hata mwenye rechaud anarudi ku mbabula, na hata mwenye diploma ya kulinda pori anatuma mutoto kununua makala. Mu mikutano yetu ya agronomia tunapenda kusema «wakata makala wanaharibu miombo», na tunasema hivyo tumeshiba chakula kilichopikwa na miombo. Filamu ingekuwa nzito zaidi, na ya haki zaidi kwa Kabwita, kama kamera ingeingia mu parcelle moja tu na kuona makala inaisha kwa jioni mbili.

Kuko pahali Kabwita anauliza bei ya mabati. Anasikia. Anakaa kimya. Hapo Gras hakuongeza kitu, na alifanya vizuri kabisa; unapiga hesabu mwenyewe, mifuko ngapi kwa bati moja, safari ngapi kwa nyumba moja, miti ngapi.

Mwisho wa filamu ni maombi, usiku, batu wengi wakilia na kuimba, na Kabwita kati yao. Wengine wamesema ni mwisho mukubwa. Mimi ningependa nione kurudi. Mifuko imeuzwa, falanga ni kidogo, dawa iko mu mufuko wa suruali, na barabara ni ile ile ya kilomita 50. Ila sasa kinga iko tupu na mutu anaweza kuipanda na kukanyaga pedali. Ku mupando wa kurudi, kilo 60 juu ya kilo 20, yeye na yule wa VTT wako karibu sawa. Pale njo kilo za kinga zingeanza kuhesabika miguuni kwake.