Adui Aliyegeuzwa Ndugu

Mara ya pili kuitazama Black Panther nilikuwa Kerenge, wilayani Korogwe, kwenye kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao na spika kubwa kuliko runinga yenyewe. Muvi ilipokwisha, vijana wawili walibaki wakibishana. Mmoja alikuwa amesoma katuni zake kwenye simu, na kwake kazi ilikuwa imeharibiwa: Killmonger, yule adui, kwenye katuni hana udugu na mfalme T'Challa, sasa huu ukoo umetoka wapi? Mwenzake akasema bila huo ukoo hakuna muvi. Mzee aliyekaa nyuma yetu hakuwa na habari za katuni. Aliuliza tu, "Wajukuu zangu, huyo si mdogo wake? Sasa mbona wanauana?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi, kwa sababu limegusa pale pale waandishi Ryan Coogler na Joe Robert Cole walipoweka kisu.

Killmonger aliingia katuni mwaka 1973, katika toleo la 6 la Jungle Action, kwa kalamu ya Don McGregor. Ni mtu wa Wakanda, nchi ya T'Challa, aliyetengwa na kwao kwa sababu ya uvamizi wa adui mwingine, Klaw, akakulia Harlem, akarudi na kisasi. Anampiga mfalme na kumtupa kwenye maporomoko ya maji. Muvi ya mwaka 2018 imelitunza tukio hilo karibu lilivyo, na kijana wa katuni alilishangilia kuliko sisi wote. Kilichobadilishwa ni haki ya anayetupa. Mtu baki akidai kiti, baraza linamjibu kwa swali moja: wewe ni mtoto wa nani? Kwenye katuni swali hilo linammaliza. Kwenye muvi ndilo analolisubiri.

Tazama linavyoandaliwa. Muvi inaanza na sauti ya mtoto akimwomba baba yake hadithi ya nyumbani, nasi tunadhani ni T'Challa na mfalme T'Chaka. Kisha tunapelekwa Oakland mwaka 1992: T'Chaka anamkabili mdogo wake N'Jobu, kamera inatoka nje kwa watoto wanaocheza mpira wa kikapu, na kilichotokea ndani hatukioni. Baada ya hapo Killmonger anapita mbele yetu kama jambazi wa kawaida. Inatokea pete ya ukoo wa kifalme shingoni mwake. Mzee Zuri anakiri kilichotokea Oakland. Ndipo, mbele ya wazee wa baraza, huyu kijana wa Kimarekani anajitaja jina na jina la baba yake kwa lugha ya Wakanda. Sauti ya mwanzo ilikuwa ya kwake na ya N'Jobu. Tumekaa na hadithi yake toka dakika ya kwanza bila kujua ni ya nani, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Sasa ilete habari hiyo kwenye Kiswahili. Waingereza wana neno moja, cousin, linalowaweka watoto wa ndugu wawili mbali kidogo. Anayetafsiri kwetu, hata akiwa na neno binamu, mara nyingi husema mtoto wa baba mdogo, na mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako tu. T'Chaka anakuwa baba mkubwa aliyemuua mdogo wake na kumwacha yatima ugenini. Lililofanywa huko Marekani kama badiliko la ukoo, Kerenge linasikika kama kesi ya ukoo. Na wilaya hii ina kumbukumbu ya kesi za namna hiyo. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, alipofariki mwaka 1862, kiti cha Vugha alikikalia mjukuu wake Shekulwavu, na Semboja wa Mazinde, ndugu wa baba yake, akamwondoa. Usambara ikaingia katika vita vilivyodumu miaka mingi. Mzee wetu hakuhitaji kusoma Jungle Action ili ajue muvi inazungumzia nini.

Kwa M'Baku, mpinzani mwingine wa T'Challa, nitasema kwa kifupi, maana hapo sioni ubishi wa haki. Mwaka 1969 katuni ilimpa jina la Mtu-Nyani, na mtu mweusi kuitwa hivyo kwenye skrini kusingekuwa jambo la kutetea kwa kisingizio cha uaminifu. Jina likaachwa, sokwe akabaki kama fahari ya watu wake, kwenye kinyago na kwenye ile mikoromo ya kumnyamazisha mgeni. Wamebaki pia Wajabari, kabila lake, ambao sisi tunalielewa jina lao bila kuelezwa.

Lugha ndiyo inayonikera. Baadhi ya ramani za Marvel zimeiweka Wakanda karibu na Ziwa Turkana, lakini watu wake wanasema Kixhosa, kwa sababu mwaka 2016, katika muvi iliyotangulia hii, mwigizaji John Kani, aliyekuwa T'Chaka, alikuja na lugha yake. Naiheshimu asili hiyo, kwani ni lugha ya mtu aliye hai na si ya kubuni. Hata hivyo muvi inayochunga nasaba kwa umakini wote ule ingeweza kuchunga na jirani za nchi yake. Hapa kijana wa katuni angeshinda, na hakulitaja.

Alichokitaja ni mwisho. Kwenye katuni Killmonger anasukumwa majini na mtoto mdogo, Kantu. Kwenye muvi nduguye anamchoma, halafu anambeba nje akalione jua la Wakanda likizama, lile ambalo baba yake alimsimulia Oakland. "Hiyo haimo," kijana alisisitiza. Haimo kweli. Mzee alikuwa ameshasimama, anatafuta kandambili zake gizani. "Angalau amemtoa nje," akasema.