Specter Alikimbia Mchujo, Akaingia Mchujo

Asubuhi ya Aprili 28, 2009, Arlen Specter wa Pennsylvania alikuwa seneta wa Republican. Kabla jua halijazama alikuwa wa Democratic. Mliofuatilia siku ile mnakumbuka sababu aliyoitoa: hakuwa tayari rekodi yake ya miaka 29 ihukumiwe na wapiga kura wa mchujo wa Republican. Obama na Biden wakampokea kwa mikono miwili, na wapo wanaosema hadi leo kwamba mzee yule alipiga hesabu kali. Mimi nasema hesabu ile ilikuwa mbovu tangu mstari wa kwanza. Specter alikimbia mchujo mmoja akaingia mchujo mwingine, na ndani ya huo wa pili hakuwa na ndugu.

Tuanze na aliloliona sawasawa. Mchujo wa Pennsylvania umefungwa. Asiyejiandikisha na chama hapigi kura ya chama hicho. Mwaka 2004 Pat Toomey, mpinzani wake ndani ya Republican, alimkosa Specter kwa kura kama 17,000 kati ya zaidi ya milioni 1, na hapo Specter alikuwa na Rais Bush na Seneta Rick Santorum nyuma yake. Mwaka 2008 Warepublican zaidi ya 200,000 wa jimbo lile walihamia daftari la Democratic, wengi wao ili washiriki pambano la Obama na Hillary Clinton. Walioondoka ndio waliokuwa ngome yake, watu wa siasa za wastani. Februari 2009 akaunga mkono mpango wa Obama wa kufufua uchumi, yeye na Susan Collins na Olympia Snowe peke yao katika Warepublican wote wa Seneti. Toomey akarudi ulingoni. Ndani ya Republican Specter alikuwa amekwisha, na alilijua hilo. Ugonjwa aliupima vizuri, akakosea dawa.

Maana mchujo wa Democratic nao umefungwa. Na waliokuwa wakimsubiri humo ni watu gani? Ni wanachama ambao kila baada ya miaka 6, tangu 1980, waliombwa na chama chao wamwangushe. Wanawake wa chama hicho hawakusahau Oktoba 1991, alipomhoji Anita Hill, aliyemtuhumu Clarence Thomas kumnyanyasa kijinsia, kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa, kisha akamtuhumu kusema uongo chini ya kiapo. Hasira ile ndiyo iliyokaribia kumng'oa mwaka 1992, Lynn Yeakel wa Democratic alipomkosa kwa asilimia 3 hivi. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na kidonda kibichi: muswada wa kurahisisha uundaji wa vyama hivyo, ambao mwaka 2007 alipiga kura mjadala wake usizuiwe, Machi 2009 alitangaza kuupinga. Wapiga kura wasio na chama, waliozoea kuamua wenyewe kila Novemba, hawakuwa na ruhusa ya kuingia chumba chochote kati ya hivyo viwili. Nguvu ya Specter kwa miaka yote ilikuwa Novemba, siku ambayo Mrepublican, Mdemocrat na asiye na chama hupanga foleni moja. Yeye akaupeleka mustakabali wake Mei.

Njia nyingine ilikuwepo, nayo ni kusimama bila chama. Sheria ya Pennsylvania haimruhusu aliyeshindwa kwenye mchujo arudi Novemba, kama Joe Lieberman alivyorudi Connecticut mwaka 2006 baada ya kubwagwa na Ned Lamont. Kwa hiyo uamuzi ulitakiwa mapema, na Aprili 2009 ilikuwa mapema ya kutosha. Angetoka Republican, asiingie Democratic, akae na Wademocrat katika mpangilio wa Seneti kama Jim Jeffords wa Vermont alivyofanya 2001, kisha akaliombe jimbo zima kura kwa jina lake. Pambano la watu watatu si mteremko, lakini hakimu wake angekuwa yuleyule aliyempa ushindi mara 5.

Na kuhusu Jeffords kuna jambo ambalo sichoki kulikumbusha. Alipohama na kuipokonya Republican uongozi wa Seneti, Specter ndiye aliyetaka iwekwe kanuni ya kuzuia kuhama kwa seneta katikati ya kipindi kusibadili chama kinachoongoza. Miaka 8 baadaye akahama katikati ya kipindi, na seneta mpya Al Franken alipoapishwa Julai, Wademocrat wakatimiza kura 60 za kufunga mjadala. Mtu aliyeandika kanuni kwa ajili ya wengine hana pa kujificha siku inapomgeukia.

Wanaotaka kujua jinsi ya kuhama wamsome Wayne Morse wa Oregon. Aliiacha Republican mwaka 1952, katikati ya kampeni ambayo Eisenhower alikuwa anaelekea kushinda, yaani alihama kutoka upande uliokuwa unapata. Januari 1953 aliingia ukumbini na kiti chake cha kukunja akakiweka kwenye njia ya katikati, baina ya vyama viwili. Akapoteza nafasi zake za kamati. Aprili mwaka huohuo alisimama akazungumza saa 22 na dakika 26 kupinga muswada wa mafuta ya pwani. Alikaa bila chama zaidi ya miaka 2 ndipo akajiunga na Democratic, akashinda 1956, akashinda tena 1962. Agosti 1964 yeye na Ernest Gruening wa Alaska ndio pekee waliopiga kura ya hapana kwa azimio la Ghuba ya Tonkin lililofungua njia ya vita vya Vietnam, 88 kwa 2. Oregon ilimuona akilipa gharama ya kuhama kabla hajaiomba kitu. Pennsylvania ilimuona Specter akiomba kwanza.

Sasa tuje kwenye rekodi ya kura. Kipimo cha Keith Poole na Howard Rosenthal, kinachopanga wabunge wa Marekani kwa kura walizopiga, kilimweka Specter kwa miaka mingi kwenye ukingo wa chama chake ulio karibu na katikati. Nimekwisha kuandika hapa, na narudia, kwamba kukaa katikati ya mizani si ushujaa peke yake. Seneta wa katikati ana thamani pale tu ambapo pande zote mbili hazijui mkono wake utainuka wapi. Mwaka 1987 alimkataa Robert Bork, aliyeteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, akiwa mmoja wa Warepublican 6. Mwaka 1991 akamwidhinisha Clarence Thomas kwa mahakama hiyohiyo. Mwaka 1999, kwenye kesi ya kumwondoa Rais Bill Clinton madarakani, akaazima sheria ya Uskoti na kusema mashtaka hayajathibitishwa. Penda usipende, hiyo ni rekodi ya mtu wa kubembelezwa.

Kura ya Septemba 28, 2006 sitaisamehe. Siku hiyo alisimama kutetea haki ya mfungwa kufikishwa mbele ya hakimu, akaonya kwamba muswada wa mahakama za kijeshi unaturudisha nyuma miaka 900. Marekebisho yake yakashindwa 48 kwa 51. Kisha akaupigia muswada uleule kura ya ndiyo, akitumaini mahakama itausafisha. Mahakama ya Juu iliisafisha sehemu hiyo mwaka 2008, majaji 5 kwa 4. Jaji mmoja tu angegeuka, na Specter angebaki na hotuba.

Alipohama, mkono wake ukajulikana. Kadiri Joe Sestak, admirali mstaafu aliyekuwa mbunge na mpinzani wake katika mchujo wa Democratic, alivyomkaribia, ndivyo kura zake zilivyoshikamana na chama kipya. Machi 2009 alikuwa amemkataa Elena Kagan kuwa wakili wa serikali mbele ya Mahakama ya Juu. Mei 10, 2010, siku 8 kabla ya mchujo, Obama akamteua Kagan huyohuyo kuwa jaji wa mahakama hiyo. Specter afanye nini? Akimkubali anaonekana hana msimamo. Akimkataa anawapa wanachama wapya ushahidi kwamba hajahama. Seneta asiye na chama angejibu swali lile bila kutetemeka. Na hata ukongwe aliotarajia kuulinda ulimponyoka: Mei 5, 2009, wiki moja tu baada ya kuhama, Seneti ilipitisha azimio lililomweka mwisho au karibu na mwisho wa foleni ya Wademocrat kwenye kamati zake, yeye aliyeingia Seneti 1981.

Kwetu tunaijua kanuni iliyo bora. Katiba ya Kenya ya 2010 humvua kiti seneta anayejiuzulu chama kilichomleta, na Tanzania mbunge anayehama hupoteza ubunge. Nimeitetea kanuni hii miaka yote, na wapo walionipinga kwa kunionyesha Marekani. Basi watazame Marekani hiyohiyo: Phil Gramm wa Texas, Januari 1983, hakulazimishwa na sheria yoyote, lakini alipotaka kutoka Democratic alijiuzulu ubunge kwanza, akasimama kama Mrepublican kwenye uchaguzi mdogo wa Februari, akashinda. Huko ndiko kuhama.

Kazi nzuri ya Specter ipo: dola bilioni 10 za utafiti wa tiba alizozisukuma ndani ya mpango ule wa 2009 zitabaki kuwa heshima yake.

Lakini matangazo ya Sestak hayakuhitaji kutafuta kosa la mbali. Yalirusha sauti ya Specter mwenyewe akisema kuhama chama kutamwezesha kuchaguliwa tena. Mei 18, 2010 wanachama wa Democratic wakamjibu, 54 kwa 46. Novemba Sestak naye akashindwa, 51 kwa 49. Kiti alichokaa Specter miaka 30, muda mrefu kuliko seneta yeyote wa Pennsylvania, kikaenda kwa Pat Toomey, yuleyule aliyemkimbia, naye akakikalia miaka 12.